Re: Bili ya mhudumu wa mama imepanda ghafla

Pole sana dada, mama apate nafuu. Umeuliza kama mlipe zile siku nane za usiku ambazo kampuni iliyowaletea mhudumu imeongeza kwenye bili wakati mkataba unasema mchana tu. Msilipe kwanza. Ombeni daftari la mahudhurio, mlilinganishe na siku mlizokuwepo nyumbani. Sisi tulipomuuguza baba hapa Moshi, saini zote za usiku zilikuwa za kalamu moja, mwandiko mmoja, hata usiku ule kaka alipolala naye mwenyewe. Tulipowaonyesha, kampuni yake ikapunguza bili. Ila mhudumu msimwonee, tafadhali. Kama kweli alikesha, sheria ya ajira ya 2004 inampa nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Andikeni barua, mbaki na nakala yenye muhuri wao.