Mpapai dume nao huchanua

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, Dar es Salaam. Nimeokoka, huu ni mwaka wa sita, na namtumikia Mungu kwenye kwaya na timu ya maombezi. Mume wangu hajaokoka. Kanisani anaonekana Pasaka na Krismasi, na kila Ijumaa lazima anywe bia zake mbili. Tangu amlete mama yake kutoka Singida kutibiwa kidonda cha mguu (ana kisukari), nyumba imekosa amani. Nahisi mama amekuja na madhabahu za ukoo. Nilimwomba afunge nami siku tatu ili afunguliwe, akakataa. Dada wa kazi naye kaondoka kwa kiburi, eti ananidai mishahara ya miezi mitatu. Mwezi uliopita mume wangu aligundua kwamba ada ya mtoto nimeipanda madhabahuni kama mbegu, akanitolea maneno makali, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Jumamosi alfajiri narudi kutoka mkesha, namkuta anamwosha mama yake mguu, watoto wameshakunywa uji, na hata salamu hakunipa. Shangazi, niendelee kumvumilia au niondoke nilinde wokovu wangu?*
*Mama Wawili, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, maana kwaya, mikesha na watoto wawili si mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale Jumamosi alfajiri. Umeileta kama ushahidi dhidi ya mumeo, nami naisoma kama ushahidi wake yeye. Wewe unatoka kukesha kanisani, yeye amekesha na mgonjwa, amewasha jiko, amekoroga uji, amewalisha watoto wako, kisha akapiga magoti mbele ya beseni la maji. Halafu unashtaki kwamba hakukusalimia. Tangu lini, mwanangu, aliyemo ndani akamwamkia anayeingia? Anayeingia ndiye anayebisha hodi na kutoa salamu. Kwa hiyo wewe ndiye uliyepita kimya, na sitashangaa ukiniambia ulipita umeziba pua.

Unaujua mpapai dume? Kama hukulelewa shamba, nikueleze. Unaota vizuri tu, unarefuka, unatoa majani mapana, na maua yake yananing'inia kwa wingi kuliko ya ule jike, tena yananukia. Mgeni akipita atasema hapa mwaka huu watu watakula mapapai mpaka wachoke. Mwenye shamba anautazama tu. Anajua maua yale yatapukutika yote chini, na kesho yatachanua mengine.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kwaya yenu wala na mkesha. Bibi yangu aliokoka Bukoba, zile siku za uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu. Watu wakaitwa walokole. Na unajua kijiji kilimtambuaje mlokole? Alirudisha. Jembe la jirani alilolificha, deni alilolikana, vyote alivirudisha. Bibi alikuwa akisimulia jirani aliyemjia asubuhi na kuku wawili mkononi. "Huyu ni wa kulipia yule niliyekuibia, na huyu ni wa mayai uliyoyakosa." Huyo hakuhitaji kumwambia mtu kwamba ameokoka. Mwenye kuku alishajua.

Sasa wewe una dada wa watu amekwenda kwao bila mshahara wa miezi mitatu, na neno ulilopata la kumwelezea ni kiburi. Fungua Yakobo sura ya 5 usome kuhusu ujira uliozuiwa. Anasema unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Wewe unaomba kwa sauti chumbani, mshahara wa yule binti nao unapiga kelele zake. Sijui unadhani Mungu anasikiliza upande upi.

Na ada! Hapa nimelazimika kuweka kalamu chini kwanza. Umeandika "nimeipanda" kama mtu aliyekwenda shambani na jembe. Ile pesa ilikuwa na mwenyewe, ni mtoto, na mtafutaji alikuwa baba yake. Ulichopanda si chako. Yesu mwenyewe aliwakemea watu wa namna hii, Marko sura ya 7, waliokuwa wakiwaambia wazazi wao kwamba msaada niliotaka kuwapa sasa ni Korbani, ni wakfu kwa Mungu. Hakuwapongeza kwa utoaji. Unasema mumeo alikutolea maneno makali, lakini maneno yenyewe hukuyaandika hata moja. Nahisi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yameuma hivyo.

Nije kwa mama mkwe, na hapa naomba usikie kwa masikio yote mawili. Mgonjwa wa kisukari hafungi siku tatu kwa sababu mkamwana wake ameota madhabahu. Akitumia dawa halafu asile, sukari inaweza kushuka ghafla akazimia, na akizimia usiku humwamshi kwa kukemea. Habari za kufunga aulizwe daktari wake. Alikataa? Heri alikataa, mzee ana akili. Kile kidonda kinataka kusafishwa na kufungwa kama alivyoelekezwa kliniki, dawa asikose, na miguu yote miwili ikaguliwe kila siku, maana kisukari humfanya mtu asihisi hata akikanyaga msumari. Vidonda vya namna hiyo vikipuuzwa ndivyo watu hukatwa miguu. Mumeo anayajua haya, ndiyo maana yuko na beseni alfajiri. Unayemwita hajaokoka.

Paulo aliwaandikia Wagalatia sura ya 5 tunda la Roho ni nini: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Ni tisa. Kwaya haimo, timu ya maombezi haimo, wala sare ya kitenge. Nimeyatafuta yote tisa ndani ya barua yako. Moja umelitaja mwenyewe, uvumilivu, kwamba unamvumilia mtu anayemwosha mama yake kidonda. Mti hauli tunda lake, mwanangu. Waulize wanaokaa chini ya kivuli chako, mkwe, watoto, yule dada, kama kuna aliyewahi kuonja.

Ndoa zenu za siku hizi zinanichosha. Asubuhi mstari wa Biblia kwenye status, jioni picha ya keki ya miaka kumi ya ndoa, "mume wangu, zawadi kutoka mbinguni", na huyo zawadi amelala kwenye kochi sebuleni. Sisi tulitazamwa na majirani kumi. Ninyi mnatazamwa na watu mia tatu kwenye simu, basi kila mtu anapaka rangi mlango. Wazee walishasema nyumba njema si mlango. Wachungaji nao wengine wanajua nani amekosa mkesha, lakini hawajui nani ana mgonjwa nyumbani.

Mumeo si malaika. Kununa mwezi mzima ni utoto, na bia za kila Ijumaa kwenye nyumba yenye deni la ada azitazame upya. Hilo ningemwambia yeye kama angeniandikia. Hakuniandikia, ana kazi.

Kuhusu kuondoka ulinde wokovu, hapana. Petro aliwaambia wake wenye waume wasioamini kwamba watavutwa kwa mwenendo, pasipo neno. Wewe umeleta maneno ya miaka sita.

Leo hii mpigie simu yule dada, mwombe radhi, mtumie mshahara wake wote kwenye simu, hata kama utauza kitenge. Usimwambie arudi. Nenda shuleni kwa mtoto mwenyewe, mwone mhasibu, omba ulipe ada kidogo kidogo kutoka mfuko wako, na risiti umpe baba yake bila hotuba. Mwombe kiongozi wa kwaya ruhusa mpaka mguu wa mama upone. Akikuambia shetani anakupinga, mwambie mama mkwe anaumwa.

Na kesho alfajiri amka kabla ya mumeo. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko, maana mama hahisi moto miguuni. Mwambie mumeo leo alale. Ukiingia chumbani kwa mama, anza na shikamoo.