Sarafu ya Bibi Haikuwa ya Mjerumani

Kwa miaka mingi ukoo wetu uliamini kwamba sarafu aliyoivaa bibi ni ya Mjerumani. Ilitobolewa tundu, ikaning'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi, na upande mmoja kulikuwa na kivuli cha ndege aliyekunjua mabawa. Huku kwetu Meru, Arusha, ukiona ndege kwenye sarafu umeona Mjerumani, kwisha habari. Hata neno hela lenyewe si limetoka kwao?

Bibi alipofariki nikaachiwa mimi, na siku ileile nikafanya kosa ambalo nakusihi usilifanye: nikaisugua kwa dawa ya meno. Iling'aa kweli. Kumbe ule weusi uliojikusanya pembeni mwa herufi ndio uliokuwa ukizionyesha. Maandishi yaliyokuwa yakisomeka kwa tabu yakawa hayasomeki kabisa. Madini ya fedha ni laini, na sarafu iliyokwisha kulika haina akiba ya kusuguliwa. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha igandamize kwa kitambaa mpaka ikauke. Ndimu, majivu na magadi, viache jikoni.

Halafu nikapoteza wiki nzima nikikodolea macho yule ndege. Tai wamejaa kwenye sarafu za Ulaya: wa Ujerumani, wa Urusi na wa Austria wenye vichwa viwili, na wengineo. Sarafu ikishalika, tai wote wanafanana na kuku aliyekanyagwa na lori. Anza na kile ambacho miaka haikifuti upesi: upana, uzito na madini.

Nilikwenda kwa sonara mmoja mjini anipimie. Mizani ikasoma gramu 4.6, rula ikatoa milimita 23 kutoka ukingo hadi ukingo. Sonara akanitajia bei palepale, ya kuiyeyusha. Nikamshukuru, nikarudisha mali yangu mfukoni.

Uzito hupungua kadiri sarafu inavyolika, na tundu nalo hula chake. Upana hupungua kidogo sana. Kwa hiyo nikaanza kuondoa majina. Rupia ilikuwa na gramu 11.66, haiwezi kukonda namna hiyo. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki ilikaribia milimita 28. Marka 1 ya Kaizari, mfalme wa Ujerumani, ndiyo iliyonisumbua, kwani ina milimita 24 na gramu 5.55. Milimita moja tu, unaweza kusema rula imekosea.

Aliyenitoa gizani ni shangazi. Akakumbuka kwamba bibi, akiwa msichana, alikuwa akipeleka maziwa kambini Tengeru, na kwamba mama mmoja wa Kizungu alimpa "kitu cha kuvaa". Kambi ile ilikuwa ya Wapolandi. Walikuwa watu waliohamishwa kwa nguvu na Stalin, wakatoka Urusi kupitia Uajemi, na kuanzia 1942 wakaletwa huku, wengi wao wanawake na watoto. Tengeru pekee ilifikia watu wapatao 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo. Ndiyo maana nasema, kabla ya kununua kioo cha kukuzia, waulize wazee sarafu imepitia mikono ya nani.

Basi nikaacha Ujerumani, nikatafuta Poland. Zloti ndiyo hela ya huko, na zloti 1 ya 1924 na 1925 ni hivi: milimita 23, gramu 5, fedha asilimia 75. Ilikaa vizuri kuliko marka.

Ila kuna mtego. Groszy 50 ya 1923, yaani nusu zloti, nayo ina milimita 23 na gramu 5, tena ni nyeupe vilevile, lakini ni ya nikeli. Hapo mizani haikusaidii. Nikachomoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio nikaisogeza. Nikeli ingenata. Yangu haikutikisika.

Sasa ndipo picha inapopata kazi. Usiku, zima taa. Laza tochi ya simu karibu na meza, mwanga upite juu ya sarafu kutoka ubavuni, uizungushe polepole. Upande mmoja nikaona mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, nyuma yake masuke ya ngano. Wapolandi humwita Żniwiarka, yaani mvunaji. Upande wa pili, herufi POSPOL zikajitokeza, kipande cha RZECZPOSPOLITA, Jamhuri. Na yule tai hana ngao kifuani, taji limemkaa kichwani. Tai wa Kaizari ana ngao kifuani, na taji lake linaelea juu kwa utepe.

Tarakimu ya mwisho ya mwaka imelika, lakini baada yake kuna nukta ndogo. Nukta hiyo ni alama ya zile zilizotengenezwa London, 1925. Za 1924 zilipigwa Paris, na alama zake ni mwenge na pembe ya neema. Nilicheka kidogo: fedha ya Poland kupigwa London! Lakini nchi ilikuwa ndiyo kwanza inafufuka, marka yake ilishaanguka hadi zloti 1 ikabadilishwa kwa marka 1,800,000, na sarafu mpya zilihitajika nyingi kwa mpigo.

Huenda yako ni ya zamani zaidi. Rafiki yangu aliyeko Ujerumani alinitumia picha ya kisarafu chembamba cha kama milimita 20, chenye tufe la kifalme na namba 24 ndani yake, akashikilia kwamba ni cha 1924. La. Ile 24 ina maana vipande 24 kwa thala moja, sarafu kubwa ya fedha ya Ulaya ya zamani. Mwaka umegawanywa kwenye msalaba ulio juu ya tufe, tarakimu moja kila upande. Hicho ni półtorak, sarafu ndogo ya kale ya Poland, na vingi ni vya mfalme Zygmunt III, vya 1614 hadi 1627. Tahadhari tu, Prussia na Wasweden waliokuwa Riga walipiga vinavyofanana mno, hivyo usikiite cha Poland kabla hujapata herufi za SIGIS upande wa ngao.

Yangu naihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, kwani plastiki laini huiharibu fedha. Lakini sidhani kama itakaa humo sana. Binti yangu ameshanunua uzi mweusi.