Kwa mdogo wangu unayeanza ukaguzi wa hesabu Tanga

Mdogo wangu, kama umeajiriwa Januari, pole. Kampuni nyingi hufunga hesabu 31 Desemba, na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mapato, inatakiwa TRA ndani ya miezi sita, yaani mwisho wa Juni. Wateja wote wanakuangukia kwa mpigo, na wewe ndiyo kwanza unajifunza hati ya malipo inafananaje. Hakuna mwenye nafasi ya kukaa akufundishe. Usidhani wanakuchukia.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Ofisi Ngamiani, chumba Chumbageni, kutoka kazini saa tatu usiku. Aprili nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaitia kwenye droo. Leo nikikumbuka, naona kazi haikuwa imenishinda. Kilichonimaliza ni kuficha.

Kuna mteja alikuwa bado anatumia leja za mkono, yaani daftari za hesabu za kuandika kwa kalamu, na urari wake, ile orodha ambayo jumla za pande mbili za hesabu lazima zilingane, ukakataa kwa shilingi 270,000. Siku tatu nikapekua hati moja moja. Nikiulizwa, najibu "inaendelea vizuri". Usingizi ukanihama. Siku ya nne dada aliyekuwa anaongoza timu akasimama nyuma ya kiti changu, akaitazama ile tofauti, akauliza: "Inagawanyika kwa tisa?" Nikagawa, ikatoka 30,000 kamili. Akasema basi huenda kuna mtu amegeuza tarakimu, tafuta kiasi ambacho tarakimu zake mbili za mwanzo zimepishana kwa tatu. Haikufika nusu saa tukaikuta: mafuta ya trekta, hati inasema 690,000, leja inasema 960,000. Na kama tofauti inagawanyika kwa mbili, tafuta kiasi cha nusu yake. Huenda kimeingizwa upande usio wake.

Siku tatu zangu ziliishia kwenye swali moja la mtu mwingine. Kwa hiyo ukikwama saa nzima, nenda kaulize, lakini usiende mikono mitupu. Sema: "Shikamoo dada, urari umekataa kwa kiasi hiki, nimejumlisha upya, nimepitia Januari hadi Machi, sijagusa benki." Mtu akisikia hivyo anajua aanzie wapi, hata kama ana haraka. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa la asubuhi hurekebishwa mchana. Likilala wiki linakuwa limeshaingia kwenye ripoti.

Jambo la pili ni saini yako. Utatumwa kuhesabu mali mwisho wa mwaka, na huku kwetu hiyo mara nyingi ni robota za mkonge ghalani, joto la Desemba, vumbi la nyuzi linawasha shingoni. Mzee mmoja mtunza ghala aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, karatasi nimeshaijaza, saini tu tukapumzike." Nilimwitikia kwa heshima, nikaomba ngazi. Robota zikipangwa ukutani, ukiwa chini unaona mbele tu. Nilipofika juu nikakuta katikati pana shimo, nafasi ya robota kumi na kitu. Mzee mwenyewe alishtuka. Aliyapokea mahesabu ya mtu aliyemtangulia bila kupanda. Panda, hata kama wenzako wanakungoja garini.

Mengine nayasema kwa kifupi. Kodi ya mishahara inalipwa kabla ya tarehe 7 kupita, ritani ya VAT tarehe 20. Siku mbili tatu kabla ya hapo usimdai mhasibu wa mteja nyaraka, atakuchukia bure. Nenda tarehe 9 uone anavyokuchangamkia. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ina awamu za Mei na Novemba. Mwaka wa kwanza chagua Novemba. Mimi nilijitia Mei katikati ya msimu, nikafeli masomo niliyokuwa nayaweza. Na kula mchana, tafadhali.

Bosi akikukaripia kwa kazi, sikiliza neno la kazi ulichukue. Akikutukana wewe au wazazi wako, hilo si funzo, na usikae nalo peke yako.

Barua ya kuacha kazi andika ukitaka, lakini usiipeleke Aprili. Ngoja Julai. Julai simu zinapungua, unatoka saa kumi na moja, unashuka Raskazone jua bado lipo. Mimi niliisoma yangu pale ufukweni, nikaona kila nilichokilalamikia ni cha Februari hadi Juni. Isome yako nawe siku hiyo. Kama bado inasema kweli, ipeleke.