Gari la dizeli la zamani linapoanza kunywa mafuta: mambo ya kukagua kabla ya kufungua pampu

Ndugu yetu ameeleza kwamba gari lake la zamani la dizeli, lenye pampu ya kimakanika ya kupulizia mafuta na lisilo na kichujio cha masizi, lilikuwa likitumia takriban lita 7 kwa kilomita 100 na sasa linatumia 10. Nguvu haijapungua sana, moshi hauonekani, na fundi amemshauri abadilishe nozeli zote (vipulizio vya mafuta kwenye silinda) na kuifungua pampu. Nimeendesha gari la aina hiyo kwa miaka mingi na tatizo hili limenipata pia. Kwa dalili alizozitaja, pampu ndicho kitu ambacho ningekigusa mwisho.

Injini ya dizeli ya zamani huvuta hewa bila kizuizi cha kuipunguza inapoingia, na nguvu yake huongezwa au kupunguzwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, yanageuka masizi na moshi unakuwa mweusi. Yasipowaka kabisa, moshi unakuwa mweupe wenye harufu kali inayochoma macho. Lita 3 zisizoungua vizuri katika kila kilomita 100 haziwezi kupita kwenye ekzosi bila dereva wa nyuma kuziona. Kwa hiyo, ikiwa kweli hakuna moshi hata gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, tuchukulie kwanza kwamba mafuta yanaungua, na tutafute kazi yake inapotelea wapi. Yawezekana pia kwamba yanavuja kabla ya kufika kwenye injini, au kwamba hesabu yenyewe si sahihi.

Hesabu ni ya kuangaliwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Dizeli hutoa povu inapojazwa, na bomba la kituoni hukata mapema tanki likiwa bado lina nafasi. Tofauti ya lita 3 kwenye ujazo wa lita 20 ni kosa la asilimia 15, lakini kwenye ujazo wa lita 60 ni asilimia 5 tu. Jaza tanki polepole, subiri povu lishuke, ongeza, kisha tembea mpaka tanki likaribie kwisha ndipo ujaze tena kwa namna ile ile, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Rudia kabla ya kuamini. Uliza pia kama matairi yamebadilishwa, kwa sababu tairi ambalo mzingo wake umezidi wa awali kwa asilimia 5 litaonyesha kilomita 600 wakati gari limekwenda 630, na ulaji utaonekana umepanda ilhali haujapanda kwa kiasi hicho.

Baada ya hapo angalia uvujaji. Vihosi vidogo vya kurudisha dizeli kutoka kwenye nozeli hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na mara nyingi huvuja injini ikiwa inafanya kazi tu, kwa hiyo sakafu kavu asubuhi haithibitishi chochote. Futa sehemu hiyo, washa injini, na umulike kwa tochi. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili: ikiwa kiwango kinapanda badala ya kushuka na oili inanuka dizeli, mafuta yanaingia chini ya injini, na hilo halisubiri wiki ijayo.

Kisha breki. Endesha kwa muda bila kukanyaga breki isivyo lazima, simama kwa kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, halafu sogeza mkono karibu na kila ringi bila kuligusa, au tumia kipimajoto cha mwanga. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) imekwama, au waya wa breki ya mkono umeshika kutu na haurudi, au beringi imechoka. Inua gurudumu hilo kwa jeki na ulizungushe kwa mkono, nawe utaisikia. Upepo wa matairi upime yakiwa ya baridi. Hilo halihitaji maelezo.

Jambo ambalo nisingependa lipitwe kwa haraka ni joto la injini, kwa kuwa ndilo lililokuwa tatizo la gari langu. Injini nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Themostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikikwama ikiwa wazi, maji huzunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, oili hubaki nzito, na joto ambalo lingesukuma pistoni huishia kwenye kuta za silinda. Baadhi ya pampu za zamani zina kifaa kinachowahisha upulizaji wa mafuta injini ikiwa ya baridi, nacho huendelea kufanya hivyo bila sababu. Gari halichemshi, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Wengine hata hufurahi kuona mshale wa joto uko chini.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, na uguse hosi inayoingia kwenye rejeta kutoka kwenye nyumba ya themostati, ambayo katika magari mengi ni ile ya juu. Inapaswa kubaki ya baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Yangu ilipata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo. Nilipoifungua themostati, nilikuta kipande cha gundi ya gasketi, chembamba kama ukucha, kimenasa kati ya valvu na kiti chake. Aliyetengeneza hapo awali alipaka gundi nyingi kupita kiasi. Niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na baada ya kukitoa kile kipande ikafunguka karibu kabisa na joto lililochapwa kwenye chuma chake. Hata hivyo niliweka mpya.

Ikiwa hayo yote ni mazima, au moshi mweusi umeanza kuonekana, ndipo zamu ya upande wa hewa. Kagua filta, kisha, kama gari lina tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), hosi zinazotoka humo kwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa hiyo. Ufa wake hujitambulisha kwa alama ya mafuta yenye vumbi, na hufunguka injini inapobeba mzigo tu. Valvu inayorudisha moshi kwenye injini ikikwama wazi hutoa dalili zinazofanana na hizo. Usisahau klachi inayoteleza.

Nozeli huchakaa, sikatai, na taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza mafuta, ikichelewa huongeza ulaji bila moshi wa kutisha. Lakini taimingi hupimwa bila kuifungua pampu, na nozeli hupimwa mezani moja moja: shinikizo inapofungukia, umbo la ukungu wake, na kama inadondosha matone kabla ya kufunguka. Usikubali zibadilishwe zote kwa kukisia. Mwombe fundi wa pampu akuonyeshe kila nozeli ikipuliza mbele yako, nawe usimame mbali, kwa sababu ukungu huo hupenya ngozi. Na zinaporudishwa, pete zake bapa za shaba (washa) ziwe mpya.