Pawa saplai ya redio ya wati 100, Shela

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kama LM317 moja (chipu ndogo ya kudhibiti volti) itatosha redio yako ya mawasiliano ya wati 100. Haitoshi. Hiyo hutoa ampea 1.5, na redio ikirusha huvuta karibu ampea 20 kwa volti 13.8. LM317 itumie kwa vifaa vidogo vya mezani.

Kwa redio, weka LM723, chipu nyingine ya kudhibiti volti, iendeshe transista moja ya kati, nayo iendeshe transista kubwa tano za 2N3055 sambamba. Kila emita (mguu wa 2N3055 unaotoa mkondo) ipe rezista ya omu 0.1, la sivyo transista moja itabeba mzigo wote iungue. Na 2N3055 ikipiga shoti, volti zaidi ya 20 zisizodhibitiwa zitaingia redioni! Tafadhali usikose thairista (swichi ya kielektroniki) ya kukata fyuzi volti zikipanda. Bodi ipake vanishi. Chumvi ya hewa ya Lamu hula shaba.