Mzee anajua kila kitu, ila ukimuuliza anasema "ukizoea utajua tu"

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni injinia, nimemaliza chuo juzijuzi, niko karakana moja hapa Morogoro tunaunda mashine mpya ya kupukuchulia mahindi manake ya zamani inapasua punje sana. Tunae mzee fundi, kazichomelea hizi mashine tangu sijazaliwa na mwisho wa mwaka anapumzika. Nikamkalisha ofisini na daftari nimuulize, kila kitu "ukizoea utajua tu". Bosi anasema tuchore kwanza, mzee tutamuita kwenye majaribio. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa bosi hapo sikubaliani kabisa. Mkishakata bati na shafti, afu mzee aje aseme rola inayopukuchua na wavu wa chini yake vimebanana, nani atakubali kuanza upya? Mtabandika viraka tu na mzee wa watu atanyamaza. Aitwe leo, wakati kurekebisha bado ni kufuta mstari.

Na wala hakufichi, ujuzi wake uko mikononi, kuusema ndo hawezi. Wajapani yaliwakuta haya, Matsushita, ndio hawahawa wa Panasonic, miaka ya 1980 wanaunda mashine ya kuoka mkate nyumbani, mkate nje unaungua ndani mbichi, wakapiga hadi eksirei donge lao la unga na la mwokaji wakalinganisha, wasiambulie kitu. Ndo dada mmoja wa upande wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akakanda nae, akagundua jamaa akivuta donge anakuwa analisokota pia. Wakaweka mbavu ndani ya mashine kuiga mkono ule, 1987 ikaingia sokoni ikauza vizuri sana.

Kwa hiyo toka ofisini. Mpeleke mzee kwenye ile mashine ya zamani, mpe mahindi makavu, afu yenye unyevunyevu, apukuchue we unarekodi na simu. Akipunguza spidi ya injini au akikaza bolti muulize palepale, umesikia nini mzee? Yangekuwa mabichi ungefanya hivohivo? Muulize pia mashine iliyowahi kumtesa kuliko zote, hapo atasimulia mpaka chai ipoe. Kisha mtengenezee rola ya mbao na wavu wa bati la bei chee umwambie aitoe kasoro, manake fundi anayeshindwa kueleza mashine nzuri, mbovu ataikosoa kutwa nzima.

Ukiandika, usiandike kipimo kikavu. Weka kipimo, sababu yake na lini hakifai, mfano nafasi hii ni ya magunzi manene, yakija membamba yatapita na punje zake. Iandike kwenye mchoro wenyewe, ripoti hakuna atakayeifungua.

Ila sio kila neno la mzee ni sheria bwana. Shafti nene anayoisifia huenda aliizoea tu kwa vile miaka ile chuma kilichopatikana kilikuwa hicho. Pima. Na wale vijana wanaozunguka vijijini kupukuchulia watu kwa kukodisha, waulize nao, wanajua vitu ambavyo karakana haivioni, kama mkanda unavyokatika wakiwa porini na spea hamna.

Halafu mzee alipwe, na hiyo posho bosi aiweke kwenye bajeti ya kuchora, asisubiri ya majaribio.