Kuzunguka Grunewaldsee na Mbwa: Ya Kujua Kabla ya Kufungua Kamba

Kusini-magharibi mwa Berlin, ndani ya msitu wa Grunewald, kuna maziwa membamba yaliyopangana kama shanga kwenye uzi: Schlachtensee, Krumme Lanke, Grunewaldsee na Hundekehlesee. Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikitembea kando ya maziwa hayo na Kito, mbwa dume wa kilo 24 ambaye mimi na mke wangu tulimchukua kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa. Kati ya yote manne, Grunewaldsee ndilo linalojulikana zaidi kwa wenye mbwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kingo zake na msitu unaolizunguka imetengwa rasmi ili mbwa watembee bila kamba. Ndugu na marafiki wanaohamia Ujerumani na kuanza kufuga huniuliza njia ikoje, nami huwajibu kwamba njia ni nyepesi hata kwa mtoto wa miaka sita. Kazi iko kwenye mambo mawili: mbwa kurudi anapoitwa, na wewe kujua kilichomo ndani ya maji.

Mzunguko mzima ni kama kilomita tatu. Ardhi ni ya mchanga, imefunikwa na majani ya misonobari na mialoni, na mizizi imejitokeza sana mahali ambapo miguu ya watu na mbwa imemomonyoa ukingo, kwa hiyo viatu vyenye soli ya kushika vinafaa kuliko raba laini. Mimi huanzia upande wa kusini, kwenye barabara ya Hüttenweg, karibu na kasri la uwindaji lililojengwa mwaka 1542 na Joachim wa Pili, mtawala wa Brandenburg, ambalo leo ni makumbusho yenye michoro ya Lucas Cranach. Mtembezi asiye na mbwa humaliza kwa saa moja bila haraka. Mwenye mbwa ajiwekee saa moja na nusu, kwa kuwa kila kisiki kina habari zake za kunuswa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Jumapili mchana njia hujaa, na mbwa mgeni huchanganyikiwa anapozongwa na wenzake kumi kwa mpigo.

Kwa sheria za Berlin mbwa anapaswa kufungwa kamba karibu kila mahali pa umma, awe na chipu chini ya ngozi na bima ya kulipia madhara atakayomsababishia mtu, na mwenye mbwa hulipa kodi ya euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza. Ndiyo maana eneo kama hili lina thamani kubwa. Hata hivyo, uhuru huo una mipaka, na mipaka yenyewe imo ndani ya msitu. Mabwawa ya tope yaliyo jirani, kama Langes Luch upande wa kusini na Hundekehlefenn upande wa kaskazini, ni hifadhi za asili ambamo ndege hutaga na mimea adimu huota, na humo mbwa asiachwe akimbie. Soma vibao, kisha ufunge kamba kabla hujafika, si baada ya mbwa kuona bata.

Nilikuja kulielewa jambo la kuita kwa njia iliyoniumiza moyo. Katika miezi ya mwanzo, nilipoona mbwa wengine wako huru, nilimfungulia Kito siku ya tatu tu tulipokwenda pale, nikidhani kwamba kwa kuwa nyumbani alikuwa akinijia nilipotaja jina lake, basi na msituni atakuja. Alinusa kitu, huenda nguruwe mwitu, maana Grunewald inao wengi, akatoweka kwenye vichaka huku nikimwita hadi sauti ikakauka. Nikaanza kumkimbilia huku na kule. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na mbwa wawili wazee akanisimamisha, akaniambia nirudi pale pale nilipomwona mara ya mwisho, nitandike koti langu chini, nikae kimya. Baada ya dakika 40 Kito alitokea kwa njia ile ile aliyoingilia, amelowa tope, akalala juu ya koti. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo. Mbwa aliyepotea hufuata harufu ya nyayo zake mwenyewe hadi pale alipoanzia, na anayemtafuta kwa kuzunguka humharibia alama.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu watumie kamba ndefu ya mita kumi kwa miezi michache ya mwanzo. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe isifungwe shingoni, kwa sababu mbwa akichomoka mbio na kamba ikakaza ghafla, shingo ndiyo inayoumia. Chagua neno moja la kuitia na usilibadilishe. Sisi tunatumia “njoo”, na hakuna mpita njia Mjerumani anayelitamka kwa bahati mbaya. Kila anapokuja mpe kipande cha nyama, kisha umwache aende tena, ili asije akajifunza kwamba kuitwa maana yake ni kurudishwa nyumbani. Siku utakayomwita akiwa katikati ya mchezo na mbwa wengine, naye akauacha mchezo na kukujia, hiyo ndiyo siku ya kufungua kamba.

Sasa maji. Grunewaldsee ina sehemu ambako mbwa huingia kuogelea, na furaha yao pale ni kubwa kiasi kwamba mtu husahau kuangalia. Mwezi wa Mei 2017, katika ziwa jingine la Berlin liitwalo Tegeler See, mbwa kadhaa walikufa baada ya kuwa majini, ingawa maji yalikuwa maangavu. Chanzo kilikuwa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, inayotengenezwa na bakteria wa aina ya mwani wa kijani-buluu, ambao walikuwa wameshikamana na mimea ya majini iliyosukumwa ufukoni. Mbwa hupenda kutafuna vitu kama hivyo. Tangu nilipopata habari hiyo, simruhusu Kito kugusa lundo lolote la majani yaliyoletwa na maji, na maji yakionekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani tunapita bila kusimama. Mimi hubeba lita moja na nusu ya maji ya kunywa na bakuli la kukunja, kwa sababu mbwa aliyeshiba maji safi halambi ya ziwani. Ukimwona mbwa anayumba, anatetemeka au anatokwa na mate mengi baada ya kutoka majini, usingoje hali itulie. Nenda kwa daktari wa mifugo dakika hiyo hiyo.

Madimbwi madogo ya njiani nayo si salama. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, na wasomaji wa Tanzania watakumbuka ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka Lindi mwaka 2022. Huku mbwa huchanjwa dhidi yake kila mwaka, na chanjo hiyo haipaswi kupitwa. Kupe huanza kutembea mara joto linapofika kama nyuzi saba, kwa hiyo hata siku ya jua ya mwezi wa Machi nikifika nyumbani humkagua Kito ndani ya masikio, kwapani na kati ya vidole. Kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme na pia babesia, jamaa wa ule unaowafanya ng'ombe wetu wakojoe damu. Tena, usimlishe mbwa nyama mbichi ya nguruwe mwitu wala kumwacha ale mzoga msituni: virusi vya ugonjwa wa Aujeszky, ambavyo kwa kawaida havimdhuru binadamu, humuua mbwa ndani ya siku chache, na havina dawa.

Wageni kutoka nyumbani wanahitaji njia nyingine. Mama yangu, aliyelelewa Tanga katika nyumba ambayo mbwa haingii, alipokuja kututembelea hakutaka kurukiwa na mbwa wa watu wala kulowekwa mate kabla ya swala, na hilo ni haki yake. Nilimpeleka Schlachtensee, ambako treni ya S1 hukushusha karibu kabisa na maji na mzunguko ni zaidi kidogo ya kilomita tano. Huko mbwa si wenyeji kama Grunewaldsee. Mwaka 2015 wilaya ilipiga marufuku mbwa kwenye kingo za Schlachtensee na Krumme Lanke, na mvutano ukafika mahakamani. Kwa hiyo ukienda na mbwa, kaa naye kwa kamba fupi, usimpeleke kwenye nyasi za waogeleaji, na usome vibao vya mwaka huo. Kito alitembea upande wangu wa kulia, Mama upande wa kushoto, na tulipofika nusu ya njia aliniuliza, “Mwanangu, huyu hachoki?”

Wakati wa baridi kali maziwa haya huganda juu, na mbwa huona uwanja mpya. Barafu hiyo siiamini hata siku moja, kwani unene wake hubadilika kila baada ya hatua chache. Kuanzia Desemba hadi theluji iyeyuke, Kito hurudi kwenye kamba ya mita kumi kila tunapokaribia ukingo, hata pale ambapo sheria inaniruhusu kumwacha.